Kompyuta Namba Tatu

Julai 2024, daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa. Binti mmoja aliamka Sengerema kabla ya adhana ya alfajiri, akapanga foleni ya kivuko, akashuka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza na kuingia dukani kwetu, steshenari ya kompyuta na fotokopi, saa tatu asubuhi. Alikuwa ameikumbatia bahasha ya kaki: cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha sita, picha za pasipoti.

"Shikamoo dada. Nimekuja kuomba mkopo wa chuo."

"Marahaba mdogo wangu. Kaa pale namba tatu."

Nilimpa namba tatu kwa sababu nyingine zilikuwa na watu. Nikarudi kwenye fotokopi, ambako mwalimu mmoja alikuwa anasubiri mitihani ya shule nzima. Baada ya nusu saa hivi binti akaniita. "Dada, nimeshalipa. Sasa nabonyeza wapi?"

Nilipoinama kwenye skrini nilijua kabla hajamaliza kusema. Nembo ilikuwa inafanana, rangi zilikuwa zinafanana, hata maneno ya Kiswahili yalikuwa yamepangwa vizuri. Lakini anwani haikuishia na .go.tz, na malipo alikuwa ameyatuma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Shilingi 15,000. Malipo ya serikali hapa Tanzania yanatolewa kumbukumbu namba, nawe unalipa kwa namba hiyo. Hakuna ofisi ya umma inayokuomba umtumie hela mtu mwenye jina la kwanza na la ukoo. Hilo mimi nalijua kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Yeye angelijuaje, mtoto wa miaka kumi na tisa anayejaza fomu kwa mara ya kwanza?

Nilimrudishia 15,000 yake kutoka kwenye droo, kwa sababu kompyuta ni yetu na kosa lilitokea mezani kwetu. Tukaanza upya kwenye tovuti halisi ya Bodi ya Mikopo. Ila kuna vitu sikuweza kumrudishia. Jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya mtihani, namba ya simu ya mama yake, vyote alikuwa ameshaviandika kule.

Nikamuuliza alifikaje kwenye ukurasa ule. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. "Niliandika 'mkopo wa chuo' pale juu, nikabonyeza cha kwanza."

Pale juu ni mstari wa anwani. Cha kwanza ni tokeo la kwanza. Hakufanya lolote la ajabu; ndivyo ninavyofanya mimi, ndivyo unavyofanya wewe unayesoma. Basi swali halikuwa binti alikosea nini. Swali lilikuwa nani alichagua kile cha kwanza.

Jioni, nilipofunga mlango, nilikaa namba tatu nikaandika neno lile lile mahali pale pale. Sikupelekwa Google. Nilipelekwa kwenye ukurasa wenye kisanduku cha kutafutia na jina ambalo sikuwahi kuliona, na juu ya matokeo kulikuwa na matangazo manne yaliyovaa sura ya matokeo. Namba moja, kwa neno lile lile, ilinipeleka Google. Namba nne pia. Ni tatu peke yake iliyokuwa imehama.

Kwa wasioijua hali hii: kila kivinjari, yaani programu ya kufungulia mtandao kama Chrome au Firefox, kina injini ya utafutaji iliyowekwa iwe ya kuanzia. Chochote unachoandika kwenye mstari wa anwani ambacho si anwani, kinatumwa kwa injini hiyo. Watafsiri wa kompyuta wanaiita chaguo-msingi. Nalipenda neno hili kwa sababu lina msingi ndani yake: nyumba nzima inakalia pale. Na kama ilivyo kwa msingi wa nyumba, mtu haufukui kuutazama mpaka ukuta upate ufa.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Wiki moja au mbili nyuma, mteja fulani alitaka kugeuza PDF kuwa Word. Akatafuta, akapakua programu ya bure, akabonyeza "endelea, endelea, maliza" bila kusoma. Ndani ya ile programu kulikuwa na abiria wengine. Mmoja alikuwa kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kilichojipachika kwenye kivinjari na kubadilisha injini ya utafutaji. Nilipokiondoa, nilifungua kivinjari tena nikakuta ukurasa ule ule umerudi. Nikagundua kuwa hata ikoni ya kivinjari pale mezani ilikuwa imechezewa: ukibonyeza kulia na kutazama sifa zake, mwishoni mwa njia ya programu palikuwa pameongezwa anwani ya ukurasa ule, ili kila ukiifungua uanzie kwao. Nikaifuta, nikaweka ikoni mpya. Bado mipangilio ya injini ilikuwa imefungwa, haibadiliki, na kwenye menyu kulikuwa na sentensi ndogo isemayo kivinjari hiki kinadhibitiwa na shirika lako. Shirika gani? Sisi ni steshenari ya watu wawili. Ile programu ilikuwa imeandika amri kwenye rejista ya Windows, mahali ambapo kampuni kubwa huweka masharti kwa kompyuta za wafanyakazi wao. Ukiandika chrome://policy kwenye mstari wa anwani utaziona amri za aina hiyo kama zipo. Kwetu zilikuwepo. Nikazifuta moja moja kutoka kwenye rejista.

Nilitoka dukani saa nne usiku. Ukitaka kuikagua kompyuta yako, fuata mpangilio huo huo: viendelezi kwanza, kisha injini ya utafutaji, kisha ukurasa wa mwanzo, kisha sifa za ikoni, kisha amri. Ukiacha kimoja, vingine vinarudi.

Wiki chache baadaye, tarehe 5 Agosti 2024, ikatoka habari kutoka Marekani. Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington alihukumu kwamba Google imeshikilia soko la utafutaji kinyume cha sheria, na njia kubwa iliyotumia ni kulipia nafasi ya kuwa chaguo-msingi kwenye simu na vivinjari vya wengine. Takwimu zilizotajwa kwenye kesi ile nilizisoma mara mbili. Mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 kwa nafasi hizo. Apple peke yake ililipwa dola bilioni 20 mwaka 2022, ili mwenye iPhone akiandika neno kwenye Safari lipelekwe Google.

Hebu fikiri. Hakuna aliyezuiwa kubadilisha. Kwenye simu zote hizo kitufe cha kuchagua injini nyingine kipo, dakika moja haiishi umemaliza. Na bado kampuni yenye hesabu kali kuliko zote ikaona ni sawa kutoa mabilioni ili kitufe hicho kianze upande wake. Walijua kitu ambacho mimi nilikijua kwa uchungu wa binti wa Sengerema: watu hawagusi. Tunachokikuta ndicho tunachokitumia. Yule mhuni aliyeiteka kompyuta namba tatu na zile kampuni zenye mawanda makubwa ya ofisi hawafanani kwa tabia, lakini wote wanagombea kipande kimoja cha skrini, ule mstari mwembamba wa juu.

Na si mara ya kwanza msingi kuhamishwa watu wakiwa wamelala. Novemba 2014 Mozilla, wenye Firefox, waliingia mkataba na Yahoo, na watumiaji wa Marekani wakahamishiwa Yahoo kutoka Google. Novemba 2017 wakarudishwa Google. Mtu aliyekuwa na Firefox ile ile miaka yote hiyo alihamishwa mara mbili kwa makubaliano ya watu wengine. Ulaya wameamua kuweka sheria: tangu Machi 2024 simu nyingi kule zinatakiwa zimwonyeshe mwenyewe orodha ya vivinjari, achague kabla ya kuanza. Jaji Mehta naye, Septemba 2025, alikataza mikataba ya kuwafungia wengine nje, ila hakuilazimisha Google iuze Chrome wala hakuzuia malipo yenyewe. Mimi nimewasha simu nyingi mpya za wateja waliozinunua Makoroboi, na sijawahi kuona hiyo orodha ya kuchagua. Basi kama hakuna sheria ya kutuuliza, inabidi tujiulize wenyewe.

Nilikuwa bado nawaza hayo pale lilipotokea jambo la pili, na hili ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuja kutafuta dalali wa viwanja. Akaanza kuandika herufi mbili, d na a. Mstari wa anwani ukamalizia wenyewe: "dalili za mimba kuharibika." Aliyekuwa amekaa kiti kile kabla yake, na mzee alimpita mlangoni wakasalimiana, alikuwa mke wa jirani yake. Mzee ni mtu wa heshima. Alinyamaza, akafuta, akaandika lake. Mimi niliona uso wake. Sikulala vizuri siku ile.

Kivinjari kilikuwa kinafanya kazi yake kilivyoagizwa: kukumbuka yaliyoandikwa, kupendekeza. Kwenye simu yako ya peke yako ni msaada. Kwenye kompyuta inayokaliwa na watu arobaini kwa siku ni kinywa kisichofungwa. Na kuna mapendekezo ya aina ya pili yanayotoka kwa injini yenyewe: ili ikupendekezee, kila herufi unayoandika inatumwa kwao kabla hujabonyeza kutafuta. Ukianza kuandika jina la ugonjwa ukabadili mawazo ukafuta, herufi zilishaondoka.

Hapo nikaamua kuvipanga upya vivinjari vyote sita, kimoja kimoja, kuanzia chini. Tulichukua Jumapili mbili, mimi na kijana ninayefanya naye kazi.

Tulichagua Firefox kwa sababu moja kubwa: inakuacha uipange. Ukibonyeza kulia kwenye mstari wa juu na kuchagua kupanga upya, vitufe vyote vinalegea kama matofali ambayo hayajawekewa saruji. Unakivuta usichokihitaji unakitoa, unakileta unachokihitaji unakiweka pale jicho linapofikia kwanza. Tulitoa kitufe cha akaunti, kwa sababu kwenye kompyuta ya umma mtu hapaswi kuingiza akaunti yake kwenye kivinjari chenyewe. Tuliweka kitufe cha kuprinti, kwa sababu nusu ya wateja wanakuja kwa ajili hiyo nao hawajui kimefichwa ndani ya mistari mitatu ya kulia. Kitufe cha kukuza maandishi tulikiweka karibu na katikati, kwa ajili ya wazee. Ukurasa wa kichupo kipya tuliuondolea njia za mkato za matangazo, tukauacha mweupe na kisanduku kimoja.

Nenda dukani kwa mtu yeyote Mwanza uangalie menyu ya kivinjari chake. Ni ile ile aliyoikuta. Fundi cherehani anapanga mkasi na uzi wake upande wa mkono anaoutumia, mama ntilie anajua kijiko kiko wapi gizani umeme ukikatika, ila kompyuta tunaifanyia kazi kama tumeazimwa. Sijui ni nani aliyetufundisha kuogopa kuihamisha.

Kisha tukafanya lile ambalo naona ndilo lenye thamani kuliko yote. Kwenye Firefox kila alamisho (anwani uliyoihifadhi ili urudi) inaweza kupewa neno kuu lake, ambalo ukiliandika peke yake kwenye mstari wa anwani na kubonyeza ingiza, unafika moja kwa moja. Hakuna utafutaji, hakuna cha kwanza, hakuna tangazo. Unafungua sifa za alamisho, unajaza neno kwenye nafasi yake, basi. Tukaandika *mkopo* kwa Bodi ya Mikopo. *Necta* kwa matokeo. *Ajira* kwa tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. *Rita* kwa vyeti vya kuzaliwa. *Leseni* kwa mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. *Hewa* kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila anwani niliiandika kwa mkono wangu kutoka kwenye barua au tangazo rasmi, sikuinakili kutoka kwenye matokeo ya utafutaji, maana ningekuwa naijengea nyumba juu ya ufa ule ule.

Maneno hayo hayo tumeyaweka pia kama mstari wa alamisho unaoonekana muda wote. Mpangilio wake unabadilika na majira. Januari matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, *Necta* inakaa mwanzo. Kuanzia katikati ya mwaka ni *Mkopo* na *Rita*, kwa sababu anayeomba mkopo anatakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe. Na kuna kalenda nyingine ambayo wageni wa hapa hawaijui: siku za mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, na wavuvi na wenye mitumbwi kutoka Kirumba na Igombe wanapata nafasi ya kushughulikia mambo yao ya karatasi. Siku hizo *Leseni* na *Hewa* zinasogezwa mbele. Kijana wangu anautazama mwezi, anazihamisha jioni kabla ya kufunga. Sikumwagiza, alianza mwenyewe.

Kuna jambo la alama moja ambalo napenda kila anayeandika sana kwa Kiswahili alijue. Ukiweka %s mahali pa neno kwenye anwani ya kutafutia, kivinjari kinajua hapo ndipo pa kuingizia unachoandika. Sisi tumeweka herufi *k* kwa Wikipedia ya Kiswahili, kwa anwani hii: https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s. Mwanafunzi anaandika *k ziwa viktoria*, anafika kwenye makala ya Kiswahili badala ya kuzungushwa kwenye kurasa za Kiingereza. Chrome nayo ina mahali pa namna hiyo, kwenye mipangilio ya injini za utafutaji, sehemu ya utafutaji wa tovuti.

Kuhusu faragha hatukuwa na mjadala. Historia na vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta, vinafutika kivinjari kikifungwa, nacho kinafungwa kila mteja anapoinuka. Swali la "nihifadhi nywila?" tumelizima kabisa, maana niliwahi kukuta nywila za akaunti za ajira za watu kumi na mmoja zimehifadhiwa kwenye kompyuta moja, majina yao na yote. Mapendekezo ya injini tumeyazima. Wateja wamelalamika kidogo kwamba "siku hizi haimalizii." Nawaambia sababu, wanaelewa. Wanawake wanaelewa haraka zaidi.

Sasa swali ambalo ndilo watu huniuliza: injini ipi?

Kijana wangu alitaka DuckDuckGo kila mahali. Ana hoja: haihifadhi historia ya mtu, haimfuatilii, na ipo tayari ndani ya Firefox, unaichagua tu kwenye orodha. Nilikubali tujaribu mwezi mmoja kwenye kompyuta tatu. Kwa maneno ya Kiingereza haikutuangusha. Kwa Kiswahili tulihangaika. Sehemu kubwa ya matokeo ya DuckDuckGo inatoka kwa Bing, injini ya Microsoft, na kwa maswali ya hapa kwetu niliona inakosa kurasa ambazo Google inazo. Jaribio langu ni neno *sato*. Kwa mtu wa Mwanza sato ni samaki, hakuna maana ya pili. Kwa injini iliyozoea dunia nyingine, Sato ni jina la ukoo la Wajapani wengi sana. Hata jina la jiji letu lina mwenzake: kuna Mwanza nyingine Malawi, mpakani na Msumbiji, na mteja wetu mmoja alisoma tangazo la huko dakika tano nzima kabla ya kushtuka.

Basi tukaamua kwa kadiri ya anayekaa. Kompyuta mbili za nyuma, ambazo watu wanazichagua kwa mambo yao ya ndani, afya, kesi, ndoa, zina DuckDuckGo. Nne za mbele zina Google, lakini siyo ile ya kawaida. Tumeongeza injini yetu wenyewe kwa anwani hii: https://www.google.com/search?q=%s&udm=14. Ile udm=14 mwishoni inaiambia Google ilete orodha ya kurasa za wavuti tu, bila ule muhtasari wa akili mnemba ambao ulianza kuwekwa juu ya matokeo Marekani Mei 2024 na kusambaa. Siupingi muhtasari kwa kila mtu. Lakini anayejaza fomu ya serikali anahitaji kufika kwenye fomu, aisome kwa macho yake, aone anwani inaishia na nini. Muhtasari wenyewe si ukurasa wenye anwani yake ya kuitazama. Matangazo bado yanaweza kutokea hata kwa njia hii, kwa hiyo lile neno *mkopo* linabaki kuwa mlango bora kuliko injini yoyote ile. Firefox za karibuni zina kitufe cha kuongeza injini kwenye mipangilio ya utafutaji. Unaipa jina, unabandika anwani, unaifanya chaguo-msingi.

Mama yangu yuko Nansio, Ukerewe. Ananunua dagaa kwa wavuvi, anaanika, anawapakia kwenye meli kuja Kirumba Mwaloni. Nilipokwenda Krismasi niliishika simu yake nikaibadilishia Chrome lugha, ikawa Kiswahili. Alikaa nayo barazani, miwani puani, anasoma menyu kwa sauti kama anasoma barua. Mipangilio, sawa. Historia, sawa. Vipakuliwa, akafikiri, sawa. Alamisho, akasema "hii ni alama ya kurudi," na ndivyo ilivyo. Kichupo kikamshinda, akadhani ni kichupa. Nikamweleza ni ukurasa mmoja kati ya kadhaa ulizofungua. Kisha akauliza chombo chenyewe kinaitwaje, nikasema kivinjari. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuvinjari anakujua tangu utotoni: ni kuzunguka majini huku na huko ukitazama, kama wanavyofanya watu wa doria. Miaka sita alikuwa na kifaa hicho mkononi, na siku hiyo ndiyo kwanza akaona kwamba kinasema naye.

Nilimwekea ukurasa wa hali ya hewa kama ikoni kwenye skrini ya mwanzo, karibu na simu na ujumbe. Ukinunua dagaa wabichi hutaki mvua ya mchana. Wakilowa kwenye kichanja wanaharibika. Sasa ananipigia ananisomea utabiri, hata siku ambazo sijauliza.

Dukani tumebaki na kazi ya Jumamosi. Kabla ya kufunga tunakaa kwenye kila kompyuta, tunaandika maneno matatu ya majaribio kwenye mstari wa anwani na kuangalia tunapofikishwa, tunaandika kwenye daftari tarehe na herufi ya aliyekagua. Wateja sasa wanatumia akaunti ya Windows isiyo na ruhusa ya kusakinisha, na Firefox tumeiwekea faili ya policies.json inayokataza viendelezi vipya. Ukiandika about:policies unaona kama inafanya kazi. Hapo sentensi ya kudhibitiwa na shirika imerudi kwenye mipangilio, safari hii shirika lenyewe ni sisi.

Jumamosi iliyopita nilisoma daftari kurudi nyuma, nikatazama ni nini hasa watu walikuwa wanajaribu kusakinisha mpaka wakazuiliwa. Karibu yote ni PDF. Kuunganisha, kukata, kugeuza. Cheti, matokeo na barua ya mtendaji vinatakiwa viwe faili moja, basi mtu anatafuta programu ya bure, na yule wa namba tatu mwaka ule naye alikuja kwa shida ya PDF. Nilikuwa nimefunga mlango wa mwizi bila kumpa mwenye haja mahali pa kupitia. Nimeweka PDFsam Basic, ambayo ni programu huria, kwenye kompyuta zote sita, na ikoni yake nimeibadilisha jina: "Unganisha Vyeti." Jumatatu asubuhi kijana wa kwanza aliyeingia aliiona, akaibonyeza, akaunganisha vyeti vyake, akaprinti, akaondoka bila kuniuliza kitu.